Umeibiwa au umejeruhiwa Dzaleka au Lilongwe: fidia inatoka wapi?

Ukikaa kwenye benchi la mahakama hapa Malawi siku ya hukumu, unaweza kusikia maneno mawili ya Kichewa: chipukuta misozi. Mwenye Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, kwa sababu na sisi tunasema kifuta machozi. Ni fedha ambayo aliyekosa anaamriwa kumlipa aliyekosewa. Wakazi wengi wa Dzaleka hawajui kwamba unaweza kuiomba. Wengine wanajua, lakini wanauliza wakati umeshapita: mshtakiwa amehukumiwa na kupelekwa gerezani, faili limefungwa, na aliyepigwa amerudi nyumbani na deni la dawa.

Makala hii inaeleza fedha hiyo inatoka wapi, nani anaweza kuidai, na ni wakati gani wa kufungua mdomo.

Hakuna mfuko wa serikali kwa kila mwathirika

Tuanze na jambo litakalowakatisha tamaa baadhi ya wasomaji. Ndugu yako aliyehamishiwa Marekani anaweza kukupigia simu na kusema kwamba jirani yake alichomwa kisu, na jimbo likamlipia hospitali na siku alizokosa kazi. Anasema kweli. Kila jimbo la Marekani lina mfuko wa waathirika wa uhalifu, na tangu mwaka 1984 kuna sheria ya taifa inayoongezea mifuko hiyo fedha zinazotokana na faini za wahalifu. Uingereza ilianza mpango wake mwaka 1964. Hata Kenya, kwa sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda waathirika, iliweka mfuko kwenye maandishi.

Malawi haina mfuko kama huo kwa waathirika wote wa uhalifu. Ukiibiwa simu Lilongwe au ukivunjiwa nyumba Dzaleka, hakuna ofisi ya serikali ya kupeleka fomu ili ulipwe badala ya mwizi. UNHCR nayo hailipi fidia. Inaweza kukusaidia upate matibabu, ushauri, au mahali salama pa kulala kama maisha yako yako hatarini, lakini haichukui deni la aliyekukosea.

Kwa hiyo fedha hutoka kwa mkosaji mwenyewe. Mara nyingine hutoka kwa kampuni ya bima, na mara nyingine kwa serikali, pale askari au ofisa wake ndiye aliyekosa. Mtu yeyote anayekuambia kuna orodha ya waathirika inayoandikwa kambini na kwamba utoe kwacha kidogo ili jina lako liingie, huyo anatafuta mtaji.

Mkimbizi ana haki ya kudai?

Ndiyo, na hapa sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mwezi Desemba 1987, na ilipojiunga iliweka masharti kwenye vifungu kadhaa. Ndiyo maana tunabanwa kwenye kazi, na ndiyo maana serikali inaweza kutuambia tukae wapi. Lakini kuna kifungu ambacho hakuna nchi inayoruhusiwa kukiwekea sharti: kifungu cha 16, aya ya kwanza, kinachosema mkimbizi ana uhuru wa kwenda mahakamani. Kifungu hichohicho kinaendelea kusema kwamba katika nchi anayoishi, mkimbizi atendewe kama raia katika mambo ya mahakama, pamoja na msaada wa kisheria, na asidaiwe dhamana ya gharama ambayo wageni wengine huweza kudaiwa kabla kesi yao haijasikilizwa.

Katiba ya Malawi ya mwaka 1994 inasema jambo hilo kwa njia yake. Kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kufika mahakamani na kupata nafuu ya kweli haki zake zinapovunjwa. Kimeandikwa "kila mtu", si "kila raia".

Linabaki swali gumu la wale waliokosewa wakiwa mjini bila ruhusa ya kutoka kambini. Hofu yao haikutoka hewani. Mwezi Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, na mwezi Mei mwaka huo watu walikamatwa Lilongwe, watoto wakiwemo, maduka yakafungwa na mali nyingine zikapotea. Kukosa ruhusa hakumpi mtu mwingine haki ya kukuibia au kukupiga, na kosa lake linabaki kosa. Hata hivyo, kama uko katika hali hiyo, ongea kwanza na mtu wa msaada wa kisheria kabla ya kwenda kituo cha polisi cha mjini peke yako. Ukishapata wito wa mahakama, upeleke kwenye ofisi ya utawala wa kambi uombe ruhusa ya safari, na uutembeze pamoja na kitambulisho chako. Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe ni karibu kilomita 45, na njiani kuna vizuizi vya polisi.

Fidia ndani ya kesi ya jinai

Hii ndiyo njia ya bei nafuu, na ndiyo inayopotezwa na wengi. Katika Sheria ya Adhabu ya Malawi, kulipa fidia kumetajwa kuwa moja ya adhabu ambazo mahakama inaweza kutoa. Hakimu anaweza kumfunga mtu na pia kumwamuru akulipe. Kwa kosa dogo anaweza kuamua fidia peke yake. Akitoza faini, sheria inamruhusu kuelekeza sehemu ya faini hiyo kwa aliyeumia. Na mali yako ikikamatwa mikononi mwa mwizi, mahakama inaweza kuamuru urudishiwe.

Shida iko kwenye neno "anaweza". Hakimu halazimiki. Ana mafaili mengi mezani, na kama hakuna aliyemwambia ulitumia kiasi gani hospitalini, hatabuni. Kesi ya jinai ni ya serikali dhidi ya mshtakiwa. Wewe ndani yake ni shahidi tu, na katika mahakama nyingi za mahakimu anayeisimamia ni mwendesha mashtaka wa polisi. Huyo ndiye wa kumfuata. Mwambie mapema, na ikiwezekana kwa maandishi, kwamba unaomba fidia, ya kiasi gani, na karatasi za kuthibitisha ni hizi. Mkumbushe tena siku ya hukumu. Mshtakiwa akishapatikana na hatia, kabla adhabu haijatamkwa, pande zote mbili hupewa nafasi ya kusema jambo. Mshtakiwa husema ana watoto na ni kosa lake la kwanza. Upande wa mashtaka ndio husema habari zako, na usipokuwepo siku hiyo habari zako huwa fupi sana.

Tuchukue mfano. Fundi anayeshona Katubza ameibiwa cherehani usiku. Baada ya wiki mbili mwizi anakamatwa akiwa ameshaiuza kwa mtu wa Mponela. Fundi ana mambo matatu ya kudai: cherehani yenyewe, au thamani yake kama haionekani, na hasara ya siku alizokaa bila kushona. La kwanza ni rahisi kama ana picha, risiti au namba iliyochongwa kwenye mashine. Kwamba mtu wa Mponela aliinunua kwa nia njema hakuifanyi iwe yake. Polisi wataichukua iwe kielelezo, na inaweza kukaa kituoni miezi mpaka kesi iishe. Fundi amuulize mwendesha mashtaka kama mahakama inaweza kukubali ipigwe picha na kuachiwa mapema, kwa sababu ndiyo inayolisha watoto.

Kwenye thamani kuna mtego. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha kwacha kwa asilimia 44. Risiti ya kabla ya hapo inaonyesha bei ambayo leo hainunui hata nusu ya mashine. Fundi apeleke risiti ya zamani kuthibitisha kwamba cherehani ilikuwa yake, na aongeze karatasi ya bei ya sasa kutoka duka la Dowa au Lilongwe. Hasara ya kazi ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu wengi wetu hatuandiki mapato. Daftari la wateja, hata lililochakaa, ni bora kuliko kusema tu "nilikuwa napata vizuri".

Kwa aliyejeruhiwa, karatasi inayobeba kesi ni ripoti ya daktari. Polisi wanakupa fomu, unakwenda nayo kituo cha afya cha Dzaleka au hospitali uliyopelekwa, na mganga anaijaza. Kama damu inatoka, nenda hospitali kwanza, fomu itafuata. Lakini usikae wiki nzima, maana jeraha lililopona halisemi tena lilikuwa na kina gani. Weka risiti za dawa, za nauli, za miwani iliyovunjika. Piga picha za jeraha siku ya kwanza na siku zinazofuata, kisha zitume kwa mtu unayemwamini, kwa sababu simu nazo huibiwa na nyumba zetu huungua.

Kufungua kesi ya jinai polisi hakulipiwi. Utapewa namba ya kesi, na hiyo ndiyo utakayoulizwa kila mahali, kwa hiyo usiondoke bila kuiandika. Ukiambiwa utoe hela ya mafuta ya gari ili mshukiwa akamatwe, omba risiti ya serikali. Mara nyingi swali hilo peke yake hupunguza bei.

Lugha pia inaangusha kesi. Kumbukumbu za mahakama huandikwa kwa Kiingereza, na mkalimani aliyepo kwa kawaida hutafsiri Kichewa. Kama unasikia Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda tu, sema hivyo kabla ya siku ya ushahidi, wala usiitikie kwa kichwa mambo ambayo hukuyaelewa. Usikubali pia ndugu au rafiki wa mshtakiwa awe mkalimani wako, hata kama ndiye pekee aliyepo na kila mtu ana haraka.

Amri ikitoka, je, fedha inatoka?

Hakimu akipanga kiasi, huangalia hasara yako na pia uwezo wa anayelipa. Kijana asiye na kitu anaweza kuamriwa kulipa kidogo kidogo, au asiamriwe kabisa na kufungwa tu. Hili linauma na hakuna namna ya kulipamba: ukiibiwa na maskini, hukumu nzuri inaweza isikuletee hata kwacha moja. Kwa mwenye duka, pikipiki au ng'ombe, mambo ni tofauti, kwa hiyo mwambie mwendesha mashtaka unajua mkosaji ana nini na kiko wapi.

Muda wa kulipa ukipita bila malipo, rudi mahakamani na nakala ya amri. Mahakama ina njia za kumbana asiyelipa, kuanzia kukamata mali zake hadi kifungo, lakini haitajua kwamba hajalipa kama umekaa nyumbani ukilalamika kwa majirani. Ulipaji upitie mahakamani na uandikiwe risiti. Fedha inayopewa shangazi ya mtu, kisha mjumbe, kisha rafiki wa mjumbe, hufika ikiwa imekonda.

Makubaliano mbele ya viongozi

Kambini mambo mengi hayafiki Dowa. Kiongozi wa eneo anawaita wote wawili, wazee wanakaa, pande zote zinasema, mtu analipa. Kwa ugomvi mdogo, sufuria iliyovunjwa au maneno mabaya yaliyofika kwenye kofi, njia hii ni ya haraka na mara nyingi ina heshima kuliko mahakama. Sheria ya Malawi yenyewe inawaruhusu mahakimu kuhimiza upatanisho katika makosa madogo ya kibinafsi kama kupigana kwa kawaida, na malipo ya fidia yanaweza kuwa sehemu ya upatanisho huo.

Mnapokubaliana, andikeni. Karatasi itaje kilichotokea, kiasi, tarehe za kulipa, na nani alishuhudia. Soma vizuri mstari unaosema hutadai tena. Watu wamesaini kwa malipo ya dawa za siku tatu, kisha mwezi wa pili mkono ukakataa kunyooka.

Kuna mambo ambayo hayapaswi kufika kwenye kikao hicho. Kubaka, kumnajisi mtoto, kuua, kuchoma nyumba, kukata mtu panga: haya ni makosa makubwa, na kupokea fedha ili kosa kubwa lifichwe ni kosa lenyewe kwa sheria ya Malawi, kwa anayepokea na kwa anayepanga. Mwandishi wa makala hii anaona jambo baya zaidi ni kwamba katika vikao vya namna hiyo aliyeumia huwa hasemi neno. Baba anapokea, mjomba anapokea, binti yuko jikoni.

Aliyefanyiwa ukatili wa kingono aende hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU haifanyi kazi baada ya muda huo. Ikiwezekana asioge wala kufua nguo kwanza. Polisi wa Malawi wana kitengo cha kusaidia waathirika, kinachojulikana kwa herufi VSU, chenye maofisa wanaosikiliza faraghani, na katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, kuna kituo ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Fidia inaweza kuombwa katika kesi hizi pia, juu ya kifungo na si badala yake.

Kesi ya madai

Hata kama kesi ya jinai imeanguka, au hakimu amesahau fidia, unaweza kumshtaki aliyekukosea kwa kesi ya madai. Hapa wewe ndiye mwenye kesi. Kiwango cha uthibitisho ni cha chini: si lazima uondoe kila shaka, inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yana uzito kuliko ya mwenzako. Ulichokwisha kulipwa kwenye kesi ya jinai kitahesabiwa, hutalipwa mara mbili.

Kwa madai ya kuumizwa mwili, sheria ya Malawi inakupa miaka 3 tangu tukio. Kama unamdai serikali au ofisa wake, lazima kwanza apewe notisi ya maandishi, kwa hiyo usisubiri mwezi wa mwisho. Asiyeweza kulipa wakili aende kwenye ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria, ambayo bango lake limeandikwa Legal Aid Bureau. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 na ina ofisi Lilongwe. Dzaleka kwenyewe kuna Inua Advocacy, shirika linaloongozwa na wakimbizi, linaloshughulika na haki za wakimbizi na linaloweza kukuelekeza.

Ukigongwa na gari

Ajali inayotokana na uzembe wa dereva ni kosa la jinai, na ni moja ya sehemu chache ambapo anayelipa ana fedha. Kila gari barabarani Malawi linatakiwa kuwa na bima ya kulipa watu wengine wanaoumizwa, na sheria inakuruhusu kuishtaki kampuni ya bima moja kwa moja. Kwa hiyo pale barabarani, kabla basi dogo halijaondolewa, mtu wako apige picha ya namba ya gari na ya stika ya bima kwenye kioo. Ripoti ya polisi ya ajali ndiyo itakayofungua mlango. Baiskeli na pikipiki za kabaza mara nyingi hazina bima, na hapo unarudi kwa dereva mwenyewe au mwenye pikipiki.

Jihadhari na vijana wanaokuja wodini na karatasi za wakili, wakikutaka usaini ukiwa bado una dripu mkononi. Uliza kwanza wakili atakata asilimia ngapi, fedha itaingia akaunti ya nani, na upate nakala ya ulichosaini.

Aliyekukosea akiwa askari

Oktoba 2019 polisi waliingia vijiji vya Msundwe, Mpingu na Mbwatalika, magharibi ya mji wa Lilongwe, baada ya askari mwenzao kuuawa wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Wanawake na wasichana walisema walibakwa na kudhulumiwa na polisi hao. Tume ya Haki za Binadamu ya Malawi ilichunguza, chama cha wanawake wanasheria kikawasimamia mahakamani, na Agosti 2020 Jaji Kenyatta Nyirenda wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki zao zilivunjwa na kwamba polisi walishindwa kufanya uchunguzi wa haraka na wa kweli. Aliamuru walipwe fidia, na baadaye kiasi kilipopangwa kilikuwa mamilioni ya kwacha kwa kila mmoja.

Kesi hiyo inafaa kukumbukwa kwa sababu hawakusubiri askari fulani ahukumiwe kwanza. Waliidai serikali kwa kuvunja haki zao na kwa kukaa bila kuchunguza. Kifungu cha 46 cha Katiba kinaipa mahakama mamlaka ya kutoa fidia kwa mtu ambaye haki zake zimevunjwa. Anayedai kwamba mali yake ya dukani ilichukuliwa na maofisa wakati wa msako wa 2023 anaangukia hapohapo, akiwa na orodha ya mali na mashahidi. Malalamiko dhidi ya polisi hupokelewa pia na tume huru iliyowekwa na Sheria ya Polisi ya mwaka 2010, na Tume ya Haki za Binadamu ina ofisi Lilongwe. Kwa ofisi hizi mbili huhitaji wakili.

Na ardhi hii tunayolala ina historia yake katika jambo hili. Kabla haijawa kambi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza la kisiasa la utawala wa Kamuzu Banda. Katiba mpya iliunda Baraza la Taifa la Fidia kwa ajili ya walioteswa, kufungwa bila kesi au kunyang'anywa mali na serikali ya zamani, na waliofungwa kama Dzaleka walikuwa na haki ya kupeleka madai huko. Baraza lile lilipewa miaka kumi tu ya kupokea madai, kisha mlango ukafungwa. Waliochelewa, walichelewa.

Waliouzwa na kusafirishwa

Juni 2022 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu ilitangaza kwamba yenyewe na polisi wa Malawi walikuwa wamegundua mtandao wa kuuza watu ndani ya Dzaleka, na zaidi ya waathirika 90 walikuwa wametambuliwa, wengi wao vijana wa Ethiopia, pamoja na wanawake na wasichana wa Burundi na Kongo. Kwa makosa haya Malawi ina sheria yake ya mwaka 2015. Mahakama inaweza kumwamuru aliyehukumiwa kumlipa mwathirika, na sheria hiyo imeunda mfuko wa kupambana na biashara hiyo, ambao hugharimia matunzo ya waathirika. Ni mfuko wa kukutunza, si wa kukulipa hasara. Lakini kwa mtu aliyetoroka mikononi mwao bila kitu, chakula na mahali pa kulala ndivyo vinavyomwezesha kubaki na kutoa ushahidi.

Yaliyotokea nyumbani kabla ya kukimbia

Wengi wetu kosa kubwa tulilofanyiwa halikutokea Malawi, na mahakama ya Dowa haiwezi kulisikiliza. Kwa Wakongo kuna mambo mawili ya kufuatilia. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliunda mfuko wa taifa unaoitwa FONAREV, kwa ajili ya waathirika wa ukatili wa kingono wa vita na wa makosa makubwa ya kivita. Sehemu ya fedha zake hutoka kwenye ushuru wa madini. La pili ni fedha za Uganda. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa awamu tano, na milioni 225 kati ya hizo ni kwa ajili ya madhara kwa watu. Fedha hiyo inalipwa kwa serikali ya Kongo, na mfuko mwingine, FRIVAO wa Kisangani, ndio uliopewa kazi ya kuigawa.

Usitegemee kiasi kikubwa. Katika kesi ya Germain Katanga kuhusu shambulio la Bogoro, Ituri, la Februari 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2017 iliwatambua waathirika 297 na kumpa kila mmoja dola 250 kama alama, pamoja na msaada wa pamoja wa nyumba, shule na mitaji midogo. Katanga hakuwa na fedha, kwa hiyo mfuko wa mahakama hiyo ndio uliolipa.

Kilicho mikononi mwako leo ni kumbukumbu. Andika tarehe au hata msimu, kijiji, majina ya waliouawa, mali iliyochukuliwa, na mashahidi walioko hai na walipo. Nakala moja ikae kwenye simu, nyingine kwa mtu aliye nje ya kambi. Kujiandikisha kwa FONAREV au FRIVAO hakulipiwi, na hakuna wakala wa Dzaleka mwenye kazi ya kukusanya ada kwa ajili yao.